Mdhamini wa Mtoto wa Mwenzako

Maandiko ya kusoma: Mithali 11:15, Mwanzo 43:1-14, Mwanzo 44:18-34, Luka 10:30-37, Waebrania 7:22



Wiki hii nataka tuongee juu ya neno moja ambalo wengi wetu hatulipendi: kudhamini. Ukiwa kwenye Sacco unalijua vizuri. Mtu anakuja na fomu ya mkopo, anatabasamu, anakwambia ni sahihi tu, haina shida. Miezi sita baadaye simu yake haishiki, na wewe ndiye unakatwa mshahara. Nimeketi na wanandoa waliokaribia kuachana kwa sababu ya sahihi kama hiyo. Kwa hivyo tukifungua Mithali 11:15 na kusoma kwamba mwenye kumdhamini mgeni ataumia, kanisa zima linasema Amina, tena kwa sauti.

Ni neno la kweli, na mimi silipingi. Nilisomea biashara chuo kikuu na somo la kwanza kuhusu mikopo lilikuwa hilo hilo: usiweke sahihi mahali ambapo huwezi kulipa. Lakini Biblia hiyo hiyo inatuonyesha mtu aliyedhamini na Mungu akambariki, na Agano Jipya linamwita Bwana wetu Yesu mdhamini. Sasa tufanyeje? Kuna dhamana ya kukataa na kuna dhamana ambayo ukiikataa mtu anakufa. Tunazitofautisha namna gani?

Nitajibu kwa kutumia Maandiko, na pia kwa kutumia jambo lililotokea Ulaya kati ya mwaka 1938 na 1939, wakati watoto wa Kiyahudi walipotolewa mikononi mwa Wanazi kwa treni. Wengine wenu mmeona filamu yake iliyotoka mwaka 2023. Wacha tuitazame kwa jicho la Neno.

1. YUDA ALIWEKA SAHIHI

Tuanze na Mwanzo 43. Njaa imeingia Kanaani, chakula kimeisha, na yule mkubwa wa Misri amesema bila Benyamini hakuna kuuziwa nafaka. Yakobo amekataa katakata. Ameshapoteza Yusufu, hataki kupoteza na huyu.

Reubeni alikuwa amejaribu kudhamini mbele yake (Mwanzo 42:37). Alimwambia baba yake awaue watoto wake wawili kama Benyamini hatarudi. Fikiria vizuri dhamana ya namna hiyo. Anaweka rehani watoto, yeye mwenyewe hatoi kitu! Yakobo hakuikubali.

Halafu Yuda akasimama. Katika 43:9 anasema yeye mwenyewe atakuwa mdhamini wa kijana, na asipomrudisha, lawama iwe juu yake siku zote. Na katika sura ya 44, mtego wa kikombe uliponasa, Yuda hakukimbia. Alisogea mbele ya Yusufu akaomba abaki yeye mtumwa, kijana aende nyumbani kwa baba yake.

Sasa kumbuka huyu Yuda ni nani. Ni yule yule ambaye katika Mwanzo 37:26-27 alitoa wazo la kumuuza Yusufu. Mtu aliyemuuza mtoto kwa fedha ndiye anakuja kujitoa mwenyewe kwa ajili ya mtoto. Mungu hubadilisha watu, jameni.

Na kuna jambo lingine. Jina "Wayahudi" limetoka kwa huyu Yuda. Shika hilo, tutalihitaji.

2. MLANGO ULIOFUNGULIWA KIDOGO

Hitler aliingia madarakani Ujerumani Januari 1933. Kidogo kidogo Wayahudi walinyang'anywa kazi, shule, uraia na biashara. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 ukaja ule unaoitwa Usiku wa Vioo Vilivyovunjika. Masinagogi zaidi ya 1,000 yalichomwa au kuharibiwa, maduka yakavunjwa, na wanaume karibu 30,000 wakakamatwa na kupelekwa kambini.

Tusijifiche hapa. Nchi iliyofanya hivyo ilikuwa nchi ya watu waliobatizwa. Makanisa yalikuwepo kila mtaa, kengele zililia Jumapili iliyofuata kama kawaida. Mahubiri ya kuwachukia Wayahudi yalikuwa yamehubiriwa Ulaya kwa karne nyingi kabla ya Hitler kuzaliwa. Ndiyo maana mimi huwa makini sana nikimsikia mtu kwenye madhabahu akitusi kabila au taifa la watu. Maneno ya madhabahuni huwa hayabaki madhabahuni.

Kutoka nje haikuwa rahisi. Mwezi wa Julai 1938 nchi 32 zilikutana mjini Evian, Ufaransa, kuzungumza juu ya wakimbizi. Hotuba zilikuwa nzuri, lakini nchi nyingi zilifunga milango. Mwaka 1939 kule Marekani, Seneta Robert Wagner na mbunge Edith Nourse Rogers walileta mswada wa kuingiza watoto 20,000 katika miaka miwili. Mswada ulifia kwenye kamati, hata kura haukupigiwa. Hapa kwetu Kenya walifika wachache. Mmoja wao ni Stefanie Zweig, aliyeletwa mwaka 1938 akiwa msichana mdogo, akakulia mashambani huku, na baadaye akaandika kitabu juu ya maisha hayo.

Uingereza nayo iliogopa. Lakini siku chache baada ya usiku ule, viongozi wa Kiyahudi walikwenda kumwona Waziri Mkuu Neville Chamberlain. Wakaja pia Waquaker, wale ndugu ambao huku Magharibi mwa Kenya tunawajua kama Kanisa la Marafiki. Watu wao walikuwa wamekwenda Ujerumani kujionea wenyewe. Tarehe 21 Novemba 1938 jambo likajadiliwa bungeni, na serikali ikakubali: watoto chini ya miaka 17 wataruhusiwa kuingia bila wazazi wao. Tarehe 2 Desemba kundi la kwanza, watoto karibu 200, likashuka katika bandari ya Harwich. Kutoka bunge hadi bandari ni siku kumi na moja tu. Mtu asikwambie kamati haiwezi kufanya haraka. Ikitaka inaweza.

Kwa jumla, mpaka vita vilipoanza Septemba 1939, watoto karibu 10,000 walikuwa wameokolewa kwa njia hiyo kutoka Ujerumani, Austria, Chekoslovakia na Poland.

Lakini mlango ulikuwa na masharti. Serikali haikutaka kutumia pesa ya umma. Mzigo ulikuwa wa wananchi, makanisa, masinagogi na vyama vya hiari. Na hapo ndipo linarudi lile neno letu: dhamana.

3. KIJANA WA SOKO LA HISA

Nicholas Winton alikuwa na miaka 29. Alikuwa dalali katika Soko la Hisa la London, kijana wa mshahara mzuri. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyahudi kutoka Ujerumani lakini yeye alibatizwa. Desemba 1938 alikuwa anaenda likizo Uswisi kuteleza kwenye theluji. Rafiki yake Martin Blake, aliyekuwa mwalimu, akampigia: achana na theluji, njoo Prague, kuna kazi huku. Akaenda.

Alichokuta ni wakimbizi waliojaa kwenye kambi wakati wa baridi kali. Ujerumani ilikuwa imepewa sehemu ya Chekoslovakia katika mapatano ya Munich, na watu walikuwa wamekimbilia ndani. Mwanamke mmoja Mwingereza, Doreen Warriner, mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa tayari anafanya kazi huko usiku na mchana, hasa kuwatoa watu waliokuwa wanatafutwa kwa sababu ya siasa. Kwa watoto hapakuwa na mpango.

Sasa mimi kama mtu wa biashara nilipoisoma habari hii nilitafuta jambo moja: huyu kijana alifanya nini hasa? Maana huruma kila mtu alikuwa nayo. Jibu ni kwamba alianza kuandika majina.

Wazazi walipanga foleni hotelini alikokaa. Jina, umri, picha. Alikaa Prague wiki chache tu, kisha akarudi London na orodha, na Trevor Chadwick, mwalimu wa shule, akachukua kazi ya upande wa Prague. Mchana Winton alikuwa sokoni kwa kazi yake ya kawaida. Jioni alikuwa kwenye mafaili ya watoto. Mama yake mzazi alimsaidia. Alichapisha barua zenye jina la kamati na kujiita katibu wa idara ya watoto kabla hata hajapewa cheo hicho. Aliandikia serikali mbalimbali. Alichapisha kadi zenye picha za watoto ili familia ziweze kuchagua. Wengine walisema hiyo inafanana na biashara. Labda. Lakini mtoto alipata nyumba.

Kwa kila mtoto alihitaji vitu viwili. Kwanza, familia ya kumpokea mpaka afike miaka 17. Pili, pauni 50 za dhamana, zikae pale kwa ajili ya kumrudisha kwao siku mambo yatakapotulia. Kwa mfanyakazi wa kawaida wa Uingereza wakati huo, pauni 50 ilikuwa mshahara wa miezi kadhaa. Hakuna pesa, hakuna kibali. Hakuna kibali, hakuna treni.

Sasa tazama. Hawa ni watoto wa ukoo wa Yuda, watu waliopata jina lao kwa mtu aliyesimama kuwa mdhamini wa mtoto. Na sasa watoto wao wanasubiri kwenye foleni Prague, wakitafuta mtu yeyote duniani wa kuwadhamini.

Kundi la kwanza la Winton liliondoka Prague tarehe 14 Machi 1939. Kesho yake jeshi la Ujerumani likaingia mjini. Hapo kazi ikawa ya hatari kweli, na ilibidi Warriner aondoke mwezi wa Aprili kabla hajakamatwa. Hata hivyo treni ziliendelea, na ya mwisho ilifika London tarehe 2 Agosti. Orodha ilipohesabiwa, watoto walikuwa 669.

Winton mwenyewe, alipokuja kusifiwa baadaye, alirudia kusema kwamba Chadwick na Warriner ndio waliokuwa kwenye hatari, yeye alikuwa London. Napenda hilo. Kuna mtu wa kwenda mstari wa mbele na kuna mtu wa kukaa na karatasi. Mwili ni mmoja, viungo ni vingi.

4. DHAMANA IPI INAKATAZWA?

Turudi kwenye swali letu. Ukisoma Mithali kwa makini, dhamana inayokemewa ni ile ya haraka, ya kupeana mikono kwa ajili ya deni la mtu usiyemjua, mara nyingi deni la biashara. Mithali 6:1-5 inasema umenaswa kwa maneno ya kinywa chako. Ni mtu aliyesema ndiyo kwa sababu ya aibu, au kwa kutaka kuonekana mkubwa. Hakuhesabu.

Sasa mtazame Msamaria wa Luka 10. Tunapenda kuhubiri mafuta na divai, lakini tunaruka mstari wa 35. Asubuhi alitoa dinari mbili, mshahara wa siku mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni. Kisha akasema chochote kitakachozidi atakilipa akirudi. Hiyo ni nini kama si dhamana? Tena ni dhamana kwa mgeni kabisa, hata jina lake hatuambiwi!

Nimeona tofauti tatu.

Ya kwanza: Msamaria alidhamini uhai, hakudhamini faida. Hakuna aliyekuwa anatafuta kutajirika.

Ya pili: alitoa kutoka mfuko wake. Hakufanya kama Reubeni kuweka rehani kitu cha wengine. Mzee wa nyumba anayedhamini kwa kutumia hati ya shamba la familia bila mke kujua, huyo si Yuda. Huyo ni Reubeni.

Ya tatu: alihesabu na akapanga kurudi. Dhamana yake ilikuwa na kiasi cha kuanzia na ahadi ya kurudi. Zile familia za Uingereza pia zilijua kiasi, zilijua ni mtoto yupi, zilijua mpaka umri gani.

Kwa hivyo Mithali na Luka hazipigani. Mithali inamlinda mjinga asinaswe. Luka inamwamsha mwenye uwezo asipite kando. Shida yetu ni kwamba tumetumia Mithali kama kisingizio cha kupita kando.

5. WALIOBAKI KWENYE STESHENI

Nisiwadanganye kwamba hii ni hadithi tamu.

Kina mama na kina baba walisimama stesheni wakawapandisha watoto kwenye treni wakijua labda hawataonana tena. Kila mtoto alikuwa na namba shingoni na kisanduku kidogo cha nguo. Vitu vya thamani havikuruhusiwa. Mzazi alimwambia mtoto tutakuja, tutakutana baada ya muda mfupi. Wengi hawakuja. Waliuawa kwenye kambi. Watoto wengi waliookolewa walijua baada ya vita kwamba wamebaki peke yao katika ukoo mzima.

Nikisoma Kutoka 2 siku hizi nasoma polepole. Yokebedi alitengeneza kisafina, akakipaka lami, akaweka mtoto ndani na kukiweka kwenye majani kando ya mto. Tunamshangilia sana Musa, lakini yule mama alirudi nyumbani na mikono mitupu, na hakujua kwamba baada ya muda mfupi angeitwa amnyonyeshe. Imani yake ilikuwa kumwachilia mtoto aende kwa watu wa Farao ili aishi. Wazazi wa Prague, Berlin na Vienna walifanya hivyo hivyo, ila wengi wao hakuna aliyewaita tena.

Wakati mwingine tunasema mzazi anayemtoa mtoto wake amekosa upendo. Tusihukumu haraka. Kuna kumtoa mtoto kwa sababu humtaki, na kuna kumtoa kwa sababu unampenda kuliko unavyopenda kumwona.

6. MDHAMINI SI MNUNUZI

Jambo lingine la kusema wazi. Si kila mtoto aliangukia nyumba nzuri. Wengi walipendwa kama watoto wa nyumbani, lakini wengine, hasa wasichana wakubwa, walifanywa wafanyakazi wa nyumba. Vita vilipopamba moto mwaka 1940, vijana wapatao 1,000 kati ya hawa, kwa sababu tu walitoka upande wa adui, waliwekwa kizuizini na serikali ile ile iliyowapokea. Wengine wakapelekwa mpaka Australia na Kanada.

Na sisi tuliookoka tusikie hili: watoto wengi wa Kiyahudi waliwekwa kwenye nyumba za Wakristo, na wengine wakafundishwa kuacha imani ya wazazi wao. Viongozi wa Kiyahudi walilia. Rabi Solomon Schonfeld, ambaye mwenyewe aliokoa watoto wengi, alipigania sana warudishwe kwa watu wao. Fikiria mama aliyeuawa kwa sababu ni Myahudi, na aliyemlinda mtoto wake anamwambia asahau kwamba ni Myahudi.

Mimi ni mhubiri wa injili na nitaihubiri mpaka nife. Lakini Msamaria hakumwambia yule aliyejeruhiwa kwanza aje tuabudu Gerizimu. Mtoto aliye na njaa si nafasi ya kuongeza hesabu ya waumini. Ukimdhamini mtoto hujamnunua. Yuda aliahidi kumrudisha Benyamini kwa baba yake. Hakuahidi kumfanya wake.

7. TRENI YA TISA

Winton alikuwa amepanga treni nyingine, kubwa kuliko zote, ya watoto 250. Ilikuwa iondoke Prague tarehe 1 Septemba 1939. Majina yalikuwa yameandikwa, nyumba zilikuwa zimepatikana, dhamana zimewekwa. Siku hiyo Ujerumani ikavamia Poland na mipaka ikafungwa. Treni haikuondoka. Wengi wa watoto wale wanaaminika waliuawa. Wayahudi watoto waliouawa na Wanazi kwa jumla ni karibu milioni moja na nusu.

Siku moja ya kalenda! Mswada wa Marekani ungepita, je? Kama kibali kimoja hakingekaa wiki tatu kwenye meza ya mtu? Hatuwezi kujibu. Lakini tunaweza kusoma Mithali 24:11-12 kwa hofu. Mungu anatuagiza tuwaokoe wanaopelekwa kuuawa, na anasema tukijitetea kwamba hatukujua, Yeye anayepima mioyo anaona. Neno hilo halina kipengele cha "tutaangalia mwezi ujao."

Winton hakuzungumza sana juu ya mambo haya baada ya vita. Daftari lenye majina na picha lilikaa nyumbani kwa miaka mingi. Mwaka 1988 likaonyeshwa katika kipindi cha televisheni cha BBC. Yeye aliketi kati ya watazamaji bila kujua waliomzunguka ni kina nani. Mtangazaji akauliza kama kuna mtu pale ambaye maisha yake yaliokolewa na Winton, na watu wakasimama pande zote. Wengine walikuwa tayari na nywele nyeupe. Alikufa Julai 2015 akiwa na miaka 106.

Mmoja wa wale watoto ni Alf Dubs. Aliondoka Prague akiwa na miaka sita. Alikua, akawa mbunge, sasa ni Lord katika bunge la Uingereza. Mwaka 2016 alisimama kupigania watoto wakimbizi waliokuwa Ulaya bila wazazi waruhusiwe kuingia Uingereza. Aliyedhaminiwa akageuka mdhamini. Hivyo ndivyo neema inavyofanya hesabu.

8. NA SISI?

Silinganishi shida zetu na yale ya Wanazi. Hapana. Itakuwa kukosa heshima kwa waliokufa. Lakini ule mtindo wa kazi tunaweza kujifunza, kwa sababu ulikuwa wa watu wa kawaida: dalali, walimu, mama mzazi mwenye muda wa jioni.

Kwanza, andika majina. "Tuwakumbuke watoto wenye shida" si ombi kamili. Mtoto ana jina, ana umri, ana kitu anachokosa na tarehe ambayo kitu hicho kinahitajika. Idara yetu ya watoto ina daftari la namna hiyo, lina majina ambayo hayana mlezi pembeni yake. Liko ofisini. Njoo ulitazame, usisubiri tangazo.

Pili, kubali kiasi na muda. Usiahidi kumsomesha mtoto mpaka chuo kikuu kwa sababu uimbaji umekugusa. Ahidi muhula mmoja, ukaulipe. Kisha ahidi wa pili. Dhamana ndogo iliyolipwa inamfaa mtoto kuliko ahadi kubwa ya madhabahuni.

Tatu, shirikianeni. Mtu mmoja hawezi, lakini kikundi cha nyumbani cha watu kumi kinaweza. Tunajua harambee za arusi na za mazishi. Mtoto aliye hai naye anastahili kamati.

Nne, linda heshima yake. Usipige picha ukimkabidhi unga na kuituma kwa kila kikundi cha simu. Na ikiwa mtoto ni wa dini nyingine au kabila lingine, mpe kilicho chake bila kumdai chochote.

Mwisho, kumbuka kwa nini tunafanya hivi. Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora. Tulikuwa na deni ambalo hakuna Sacco duniani ingelikubali. Yeye, wa kabila la Yuda, aliweka sahihi kwa damu yake, na deni lilipodaiwa hakuzima simu. Mtu aliyedhaminiwa namna hiyo hawezi kusema yeye huwa hadhamini.

MASWALI YA KIKUNDI CHA NYUMBANI

1. Soma Mwanzo 42:37 na 43:9. Kwa nini Yakobo alikataa dhamana ya Reubeni na kukubali ya Yuda?

2. Mithali 11:15 na Luka 10:35 zinaweza kukaa pamoja namna gani? Toa mfano wa dhamana ambayo ungekataa leo, na moja ambayo ungekubali.

3. Mzazi anapomwachilia mtoto alelewe na wengine ili aishi, kanisa linaweza kumsaidia vipi badala ya kumhukumu?

4. Je, kuna mtoto katika eneo la kikundi chenu ambaye mnajua shida yake lakini hakuna aliyeandika jina lake? Nani ataliandika, na mpaka lini?

OMBI

Bwana Yesu, mdhamini wetu, asante kwa kulipa tusichoweza kulipa. Tusamehe kwa mara tulizopita kando tukiwa na Maandiko mdomoni. Tupe hekima ya kuhesabu na ujasiri wa kuweka sahihi. Wakumbuke watoto walio safarini leo bila wazazi, na wazazi waliobaki stesheni. Utupe jina moja wiki hii, na utupe uaminifu wa kulitimiza. Amina.